Shajara ya mradi: sura mpya ya injini ya kutafutia vitabu, Mei–Juni 2025

Jumatatu, 5 Mei

Kazi imeanza rasmi leo. Injini ya kutafutia ya maktaba ya chuo chetu hapa Dar es Salaam imevalishwa sura mpya, na kabla haijafunguliwa kwa wote, mimi na wenzangu wawili tumepewa wiki sita tuijaribishe kwa watumiaji wenyewe. Chini ya boneti hakuna kilichoguswa: Solr, programu inayofanya utafutaji wenyewe, ni ile ile, fahirisi ile ile, rekodi zile zile. Kilichobadilika ni kile anachokiona mtu na kukigusa.

Sura ya zamani naijua kama kiganja changu. Kisanduku kirefu, pembeni yake menyu ya kuchagua (kila mahali, mwandishi, kichwa, mada), halafu kitufe cha bluu kilichoandikwa TAFUTA. Matokeo yanashuka mistari mitupu, kila kitabu mistari mitatu. Inachosha macho kama fomu ya kufungulia akaunti benki. Sura mpya ina kisanduku kimoja tu chenye alama ya lenzi ndani yake. Kitufe kimeondolewa, vichujio vimefichwa nyuma ya alama ya faneli, na kila kitabu kimewekwa kwenye kadi yenye picha ya jalada. Dada anayetuchorea kaifanya kwa ustadi. Ukiitazama kwenye kompyuta yake, utaipenda.

Mkuu wa kitengo anataka jibu la neno moja: rahisi au si rahisi? Nikamwambia ISO 9241-11, ambacho ndicho kiwango chenyewe cha jambo hili, kinauliza maswali matatu: mtu kafikia lengo lake? Kalifikia kwa muda na nguvu kiasi gani? Karidhika? Na yote hayo kwa mtumiaji fulani, mwenye kazi fulani, katika mazingira fulani. Akaguna. Akasema niyaandike kwenye ripoti.

Jumatano, 7 Mei

Tumebishana kuhusu idadi ya washiriki. Mwenzangu mmoja alitaka mia, "ili tuheshimike." Nikamwonyesha hesabu ya Nielsen na Landauer, watafiti wa urahisi wa matumizi, ya 1993: kama mshiriki mmoja kwa wastani anagundua asilimia 31 ya matatizo, watano watagundua karibu asilimia 85, na kuanzia hapo unalipia nauli za watu wanaokuambia yale yale. Ila hesabu hiyo inawahusu watu wanaofanana. Sisi tuna makundi matatu yasiyofanana hata kidogo: wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wanafunzi wa uzamili, na walimu. Tumekubaliana tuchukue wanne kila kundi, tujaribu, turekebishe, tujaribu tena.

Kazi za kuwapa ndizo zilizotula mchana mzima. Rasimu yangu ya kwanza ilisema: "Tumia kichujio kupata vitabu vya baada ya 2010." Mama mkutubi akacheka. "Mwanangu, si umeshampa jibu?" Kweli. Mtu hukijua kichujio kwa sababu karatasi imekitaja. Tukaigeuza iwe kisa: "Mwalimu wako hataki marejeo ya kabla ya 2010. Mpatie kitabu kimoja kuhusu magonjwa ya mahindi." Nyingine: "Rafiki yako amekuomba umchukulie diwani yoyote ya ushairi wa Kiswahili. Niambie uende rafu gani." Ziko tano kwa jumla, na hakuna hata moja yenye neno lililoandikwa kwenye skrini.

Ijumaa, 9 Mei

Jaribio la majaribio, kwa mfanyakazi mwenzetu. Umeme ukakatika dakika ya kumi na mbili, rekodi ikapotea. Kuanzia sasa tunarekodi kwa simu, na benki ya chaji ikae mezani.

Jumanne, 13 Mei

Washiriki wanne wa mwanzo, wote mwaka wa kwanza, wote kwa simu zao wenyewe. Hilo la simu nimelisimamia kwa nguvu. Dada wa michoro alipendekeza tutumie simu yake ambayo haina mkwaruzo. Lakini mwanafunzi wetu ana kioo chenye ufa, mwanga umeshushwa ili betri ifike jioni, na bando analihesabu.

Tuliwaomba waseme kwa sauti yanayopita kichwani wanapofanya kazi. Njia yenyewe ni ya siku nyingi na vitabuni inasifiwa. Hapa imegoma. Wa kwanza alisema, "Sawa," akainama kwenye simu, akawa kimya dakika nne. Nikimkumbusha anasema, "Natafuta." Halafu kimya tena. Wa tatu aliniambia ukweli wake: "Kaka, kujisemea peke yangu mbele za watu naona kama nimechanganyikiwa."

Hata hivyo macho yameona. Msichana mmoja aliandika neno lake kwenye kisanduku, akaiweka simu mezani taratibu, akakunja mikono. Nikasubiri. Akanitazama, nami nikamtazama. Nikamuuliza, "Unafanya nini sasa?" Akajibu, "Nasubiri ilete." Kwake kuandika ndiyo kutuma, na kitufe cha kumwambia vinginevyo tumekiondoa sisi wenyewe. Kibodi ya simu ina alama ya lenzi pale chini kulia, ni kweli, lakini alikuwa ameshaifunga ili aone skrini vizuri.

Wawili kati ya wanne walikwama hapo hapo. Kwenye sura ya zamani hatukuwahi kuwa na swali hili, maana neno TAFUTA lilikuwa pale, bluu, kubwa kama mlango.

Jumatano, 14 Mei

Tumebadilisha njia. Badala ya mtu mmoja na kimya chake, tunawaita wawili wawili, marafiki, simu moja. Mtafiti Naomi Miyake aliandika mwaka 1986 juu ya watu wawili wanaojaribu kuelewa kitu pamoja, jinsi mazungumzo yao yanavyotoa nje yale ambayo mtu peke yake angebaki nayo moyoni. Huku kwetu hata ungekuwa hujamsoma ungelijua: simu ikisumbua, haisumbui mtu mmoja.

Tofauti ni kama usiku na mchana. Jozi ya asubuhi, wanafunzi wa ualimu, nainukuu jinsi ilivyo kwenye rekodi:

"Gusa hicho kikaango."
"Kipi?"
"Hicho cha pembeni, kilicholala."
"Aah. Mimi nilidhani ni herufi Q."

Kikaango! Mwaka mzima tunaiita lenzi, na hakuna aliyewahi kuuliza watu wanaiitaje. Faneli nayo ikapata majina: jozi moja wakasema ni "kile cha kumiminia mafuta ya taa," jozi nyingine wakaiona kama mshale wa kupakua faili na wakaiogopa, wasije wakalia bando. Kwa hiyo vichujio havikuguswa na mtu. Kazi ya "baada ya 2010" waliifanya kwa kushuka kadi moja moja wakisoma mwaka.

Tulipowafungulia faneli na kuwaonyesha neno CHUJA, mmoja akaguna: "Kuchuja si chai?" Mwenzake akamwambia hata nazi huchujwa, wakacheka wote wawili. Neno linaeleweka kwa anayelijua tayari. Nimeandika pembeni: jaribu "Punguza matokeo."

Jumanne, 20 Mei

Leo nimekosa usingizi kwa sababu ya mahindi.

Jozi ya uzamili, kilimo. Wameandika: magonjwa ya mahindi. Skrini ikajibu "Hakuna matokeo," na chini yake kuna mchoro wa lenzi inayotabasamu. Wakatazamana. "Basi hawana," akasema mmoja, na mkono ukaelekea kufunga ukurasa. Mimi najua tunavyo. Nimevishika. Kimoja kichwa chake kinaanza na "Ugonjwa wa mahindi."

Baada ya wao kuondoka nilikaa na kumbukumbu za seva hadi saa mbili usiku. Hivi ndivyo ilivyo. Injini yetu imewekwa idai maneno yote ya swali yapatikane kwenye rekodi. Na kanuni za lugha zilizomo, tangu siku iliyosimikwa, ni za Kiingereza. Zinafuata kazi ya mtaalamu wa kompyuta Martin Porter ya 1980: neno linapunguzwa mkia, "books" inakuwa "book." Pembeni kuna orodha ya vijineno vya kutupwa, kama "the" na "of." Kiswahili hakibadiliki mkiani hivyo. Kinabadilika kichwani: ugonjwa, magonjwa, kitabu, vitabu, shairi, mashairi. Injini inatazama mkia, haioni kitu cha kukata, inapita. Halafu zile "ya," "wa," "vya" hazimo kwenye orodha ya kutupwa, kwa hiyo nazo zinadaiwa kama maneno kamili. Mtu akiandika "magonjwa ya mahindi" na rekodi inasema "ugonjwa wa mahindi," kwa injini yamelingana neno moja kati ya matatu. Anaambiwa hakuna.

Kuna atakayesema hili halihusu sura, sisi tumetumwa kupima sura. Nimeliwaza. Lakini yule mwanafunzi hakuniuliza mpaka kati ya sura na injini uko wapi. Aliona skrini moja, ikamdanganya kwa tabasamu.

Sura ya zamani ilikuwa na ugonjwa huo huo, ila iliufunika bila kukusudia. Kwenye ukurasa wake wa kukosa matokeo, ile menyu ya mwandishi-kichwa-mada ilibaki mbele ya macho pamoja na swali lako ndani ya kisanduku, na watu walikuwa wakibadilisha neno na kujaribu tena. Sura mpya inafuta kisanduku na kuleta mchoro. Hakuna cha kurekebisha, umeandikiwa hukumu.

Mwenzangu wa programu alipendekeza tukate viambishi vya mwanzo kwa nguvu: ki-, vi-, m-, wa-, ma-. Tukajaribu kwenye nakala ya pembeni. Kitabu kikawa "tabu." Kijana akawa "jana." Wakati ukawa "kati." Tumecheka hadi machozi, tukaifuta. Tutakachofanya ni kuziingiza "ya," "wa," "vya" kwenye orodha ya kutupwa, na kuandika jozi kwa mkono kwenye faili la visawe la Solr, ambalo ni maandishi ya kawaida tu, mstari mmoja kwa kila jozi, mkato katikati: ugonjwa, magonjwa. Tutaanza na maneno yanayotafutwa zaidi kwenye kumbukumbu za mwaka huu. Mama mkutubi amejitolea kuyapitia, maana yeye ndiye anayejua kwamba jino ni meno na ufunguo ni funguo bila kufikiri.

Alhamisi, 22 Mei

Zamu ya walimu. Mwalimu wa kwanza ni mzee wa Kiswahili, karibu anastaafu. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba. Haya, niambieni mnachotaka nikisifie."

Aliandika mada yake, akapata kadi. Kadi ya kwanza, kisanduku cha kijivu. Ya pili, kijivu. Ya tatu, kijivu. Akauliza kama intaneti iko chini. Haikuwa chini. Picha za majalada huvutwa mtandaoni kwa namba ya ISBN, ile ya kutambulisha kila kitabu kinachochapwa, na namba hiyo ilipata kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1970. Vitabu anavyovitafuta yeye ni vya East African Literature Bureau, shirika la uchapishaji lililoanzishwa 1948. Havina namba, na hata vingi vilivyochapwa Dar es Salaam baadaye vyenye namba hakuna aliyepiga picha jalada lake na kuipandisha. Kwa hiyo muundo mzima wa kadi, uliopendeza sana kwa riwaya za Kiingereza kwenye maonyesho, kwa mkusanyiko wetu wa Kiswahili ni ukuta wa matofali ya kijivu. Na matofali yanakula nafasi: simu yake ilionyesha kadi mbili kwa mkupuo, wakati orodha ya zamani ilikuwa inaonyesha vitabu sita.

Akaendelea: "Namba ya rafu iko wapi?" Iko. Gusa kadi, teremka, gusa "Maelezo zaidi." Aliifikia kwa msaada wangu. Kisha akafanya kitu ambacho nimeona kwa karibu kila mshiriki tangu siku ya kwanza: akatoa kalamu na kuandika PL 8704 kwenye kiganja. Wanafunzi wao hupiga picha ya skrini. Watu hawaji kwenye injini yetu kusoma kitabu, wanakuja kuchukua namba na kupanda ngazi. Tumeificha namba ndani kwa sababu "inachafua kadi."

Maneno hayo ya mwisho ni yangu mwenyewe, ya mwezi Februari. Nimeyakuta kwenye barua pepe ya zamani.

Jumatano, 28 Mei

Dodoso. Tumetumia SUS (System Usability Scale, kipimo cha urahisi wa kutumia mfumo) ya John Brooke, aliyeitunga mwaka 1986 alipokuwa Digital Equipment Corporation huko Uingereza: sentensi kumi, unajibu kwa 1 hadi 5. Zenye namba witiri zinasifu, zenye namba shufwa zinalalamika. Kwa witiri unatoa 1 kwenye jibu, kwa shufwa unatoa jibu kwenye 5, unajumlisha, unazidisha kwa 2.5. Unapata alama kati ya 0 na 100, ambayo si asilimia ingawa kila bosi huisoma kama asilimia. Wastani unaotajwa kwa mifumo mingi ni 68.

Shida yetu ni adabu. Mshiriki mmoja, kijana mwenye heshima zake, ametupa 5 kila mstari. Mfumo ni mzuri, 5. Mfumo unasumbua, 5. Ningependa kuutumia mara kwa mara, 5. Nahitaji fundi wa kunisaidia, 5. Hesabu yake: witiri zinampa 20, shufwa zinampa sifuri, mara 2.5 ni 50. Alidhani anatupongeza, katupa alama ya mtu aliyechukizwa. Wengine watatu wana dalili kama hiyo. Nimerudi kwao mmoja mmoja, bila karatasi, nikawauliza: "Ungeulizwa na mdogo wako atumie ipi, ya zamani au hii, ungemwambiaje?" Hapo ndipo watu walipoongea. "Ya zamani mbaya ila inaniletea," alisema mmoja. Mwingine: "Hii nzuri kaka, lakini sijui naigusa wapi."

Alama za SUS nitaziweka kwenye ripoti kwa sababu zimeombwa. Sentensi hizo mbili nitaziweka juu yake.

Jumanne, 3 Juni

Kikao cha matokeo. Tulionyesha video fupi tatu, sauti imebaki, nyuso zimezibwa. Ile ya msichana aliyekunja mikono ilifanya kazi kuliko majedwali yote, chumba kizima kikawa kinamwambia, "Gusa! Gusa hapo!"

Dada wa michoro aliumia, na sikumlaumu. Alisema mifumo mikubwa yote imekwenda njia ya alama bila maneno, hata Google. Nikamjibu kwamba Google wenyewe, Januari 2020, waliweka vijialama vya tovuti kando ya kila tokeo kwenye kompyuta, watu wakalalamika kwamba matangazo sasa hayatofautiki na matokeo, na kabla wiki mbili hazijaisha wakarudi nyuma. Hakuna aliyesema hawajui kuchora. Akanyamaza kidogo, akauliza: "Kwa hiyo kitufe kirudi, lakini niruhusiwe rangi?" Karuhusiwa rangi.

Tuliyokubaliana: neno TAFUTA linarudi kwenye kitufe. Faneli inaondoka, inakuja "Punguza matokeo" kwa maandishi, na kichujio cha mwaka kinakaa wazi juu ya orodha. Kitabu kisicho na picha hakipewi kisanduku cha kijivu, kinapewa mstari. Namba ya rafu na "Kipo" au "Kimeazimwa" kwa maneno, siyo nukta ya kijani na nyekundu tu, kwenye uso wa tokeo. Ukurasa wa kukosa unabakisha swali lako ndani ya kisanduku na kupendekeza neno lenye umbo jingine. Lenzi inayotabasamu imefukuzwa kwa kura zote.

Ambalo halikupita ni vichwa vya mada. Rekodi zetu zina mada za Kiingereza, kwa hiyo paneli inakuambia "Punguza matokeo," halafu inakuorodheshea "Corn" na "Plant diseases." Kuzitafsiri ni kazi ya miaka, wameahirisha. Sijafurahi.

Alhamisi, 12 Juni

Raundi ya pili, jozi sita, wote wapya. Hakuna aliyekwama kwenye kutuma. Jozi tano kati ya sita zimetumia kichujio cha mwaka bila kuulizwa. Ya sita ilisema mwalimu wao hajali mwaka. Mahindi yameleta vitabu. Namba ya rafu imepatikana bila kugusa mara ya pili.

Jipya lililojitokeza: "Kimeazimwa." Mwanafunzi mmoja alitaka kujua kimeazimwa na nani, ili amfuate bwenini. Haiwezekani na haifai, ila anachotaka hasa ni kujua kitarudi lini, na tarehe hiyo tunayo kwenye mfumo. Nimeiandikia tiketi, yaani ombi la kazi kwa mwenzangu wa programu.

Faili la visawe limefika mistari 212. Leo mama mkutubi amenirudishia karatasi zake zikiwa na wino mwekundu. Kwenye "kijana, vijana" ameongeza kwa mkono: "na siyo jana!"